Muulize Maalim: Kisiwa cha watu mia na halmashauri yake

Toleo lililopita nilitia mstari mmoja tu, tena mwishoni mwa jibu la mtu aliyeuliza habari za meli, kwamba Norwei kulikuwa na kisiwa cha wavuvi kiitwacho Grip, kidogo kuliko Kojani yetu ya Pemba, na kilikuwa na halmashauri yake chenyewe. Mstari huo umenitia kazini. Barua zimekuja kumi na moja. Mbili hazina jina wala mahali, hizo sizijibu, na yule aliyeandika kwa wino mwekundu ajue macho yangu si ya ujana tena. Nimechagua tano.

*Maalim, shikamoo. Umeandika kuwa kuna kisiwa Norwei kilikuwa na halmashauri, na watu wake wachache hivyo. Sisi Kojani tuko maelfu, tumebanana paa kwa paa, na kila jambo la serikali mpaka mtu avuke ng'ambo, apande gari, apoteze siku ya bahari. Nataka unieleze vizuri: waliipataje hiyo halmashauri, ikifanya kazi gani, na kwa nini imekufa? Na usinifiche kitu. H.K., Kojani.*

Marahaba, mwanangu. Kukuficha sitakuficha, lakini uwe na subira, maana mambo haya yanaanzia mbali na mwisho wake si wa harusi.

Nianze na nilichokiona kwa macho yangu. Kabla sijashika chaki nilikuwa baharia, miaka tisa mizima, na wengi wanaonijua Wete hawalijui hilo. Julai ya 1979 meli yetu ilitia nanga Kristiansund, mji wa pwani ya magharibi ya Norwei, tukingojea shehena ya samaki wakavu. Shehena haijawa tayari, tukawa na siku tatu za kuzurura. Mwenzangu mmoja wa chumba cha mashine, Mnorwei, babu yake alizaliwa Grip. Akaniambia, twende nikakuonyeshe kwetu. Tukapanda boti, kiasi cha kilomita 14 kuelekea bahari kuu. Nikisema bahari kuu ujue hakuna tena kisiwa cha kukukinga mbele yako, ni maji tu na upepo.

Cha kwanza kuonekana ni mnara wa taa, uliojengwa 1888 juu ya mwamba wa peke yake. Kisha unaona vijumba vya mbao vimesongamana kama watu waliogombania mwavuli mmoja. Hakuna mti. Sisemi miti ni michache, nasema hakuna. Udongo ni wa kukwangua kwa kijiko. Maji ya kunywa walikinga ya mvua, kama tulivyokuwa tukikinga sisi kwenye mapipa wakati wa masika. Katikati, pahala pa juu kabisa, kuna kanisa dogo la mbao la kiasi cha mwaka 1470, na hapo pa juu penyewe ni mita chache tu kutoka usawa wa bahari. Bahari ikichafuka, watu wote wakikimbilia humo. Mwaka 1796 dhoruba ilizoa nyumba nyingi za kisiwa kile, na watu wakajenga tena palepale. Mvuvi ni mvuvi, hata awe mweupe vipi.

Nilipofika hapakuwa na mtu aliyeishi pale mwaka mzima. Wa mwisho waliondoka 1974. Madirisha yalikuwa na pazia safi na milango imetiwa kufuli. Wenyewe huja wakati wa joto, wakapaka rangi, wakakaa wiki mbili, wakarudi mjini.

Sasa halmashauri. Wanorwei walijiandikia katiba tarehe 17 Mei 1814, lakini katiba ile ilikuwa ya mfalme na bunge. Huko mashamba aliyeamua mambo alikuwa padri, na maofisa wa kupelekwa kutoka juu. Wakulima wakaanza kunung'unika: kodi tunatoa sisi, na matumizi wanatupangia wengine. Katika uchaguzi wa bunge wa 1833 wakaingia wengi kuliko ilivyowahi kuwa, na tarehe 14 Januari 1837 zikapita sheria mbili, moja ya miji na moja ya mashamba. Ili uuweke mwaka huo pahala pake, ndio mwaka Seyyid Said alipowaondoa Mazrui Mombasa. Sisi tunabadilisha mtawala kwa jahazi za vita, wao wanagawana madaraka kwa karatasi. Sisemi kwamba wao ni bora. Nasema karatasi ile ilikaa.

Sheria ilichukua parokia za kanisa, ikazigeuza maeneo ya utawala, na kila moja ikapewa baraza la kuchaguliwa. Zikapatikana 392 nchi nzima. Eneo lenyewe siku hizi linaitwa kommune, nami nitasema halmashauri ili tuelewane. Mwenyekiti wake anaitwa ordfører, na neno hilo ukilipasua katikati ni mwenye kuongoza neno, msemaji wa kikao. Halimaanishi mkuu, wala bwana fulani. Ni mtu anayeshika neno kwa niaba ya wenzake waliomchagua, basi.

Usidhani kila mtu alipiga kura. Mwanzo ilikuwa haki ya maofisa, ya wakulima wenye ardhi na ya wafanyabiashara wa mijini. Kibarua alikuwa nje. Mvuvi asiye na ardhi alikuwa nje. Kwa pwani ile jambo hili lilikuwa zito, maana visiwa vingi vya uvuvi vilikuwa na mwenyewe: tajiri mmoja ana ardhi yote, anawakodisha watu viwanja vya nyumba zao, na samaki wauziwe yeye kwa bei aitakayo yeye. Grip nayo ilipita mikononi mwa matajiri wa namna hiyo kwa muda mrefu. Huna haja ya mimi kukueleza maisha hayo yakoje. Kojani mnawajua wenye kukopesha nyavu na mashine, na mnajua siku ya hesabu mvuvi hurudi nyumbani na nini. Wanaume wote kupiga kura bila kujali mali ilikuja 1898 kwa bunge na 1901 kwa mabaraza.

Grip ilipewa baraza lake 1897. Hapa kwetu ni mwaka ule utumwa uliofutwa kisheria, wakati wa Seyyid Hamoud. Watu wa Grip walikuwa kiasi cha mia mbili, na halmashauri yao ikajulikana kuwa ndogo kuliko zote Norwei kwa idadi ya watu.

Umeuliza ikifanya kazi gani. Kazi za halmashauri za shamba wakati ule zilikuwa skuli, matunzo ya maskini na wajane, barabara, na kukadiria kodi ya kulipia hayo yote. Barabara Grip haikuwa nayo, kwa hiyo hapo walipumua. Yaliyobaki yote waliyafanya. Mwalimu alipwe nini. Mjane fulani asaidiwe kwa kiasi gani na mpaka lini. Nani amepata samaki wengi msimu huu, atoe kodi zaidi. Mwenzangu alinionyesha nyumba ya babu yake, aliyewahi kukaa kwenye baraza lile, akacheka. Babu alikuwa akisema kumkadiria jirani kodi ni rahisi, ugumu uko kesho yake alfajiri, maana ndiye huyohuyo utakayesukumana naye kuiteremsha mashua majini. Ukitaka kujua siasa za kisiwa kidogo, mambo yote yamo humo.

Mwishoni mwa majira ya baridi samaki wao mkuu, waitwao torsk, huja pwani kutaga mayai. Hapo wavuvi wa kutoka huku na huko walimiminika Grip, na idadi ya watu ikapanda mara kadhaa. Nyinyi Kojani mnakwenda dago, kupiga kambi za uvuvi mbali na kwenu, mpaka Tanga, mpaka Mombasa. Wao dago liliwafuata nyumbani. Msimu ukiisha, wageni wanaondoka, wanabaki walewale mia na mbao zao.

Kilichoiua halmashauri ni hesabu. Mwaka 1930 Norwei ilikuwa na halmashauri 747, nyingi ndogo ndogo. Baada ya Vita vya Pili serikali ikataka kila mtoto asome miaka mingi zaidi, kila eneo liwe na daktari, wazee watunzwe. Mzigo huo wakabebeshwa halmashauri. Kijiji chenye walipa kodi wachache kitaubebaje? Mwaka 1946 ikaundwa kamati chini ya Nikolai Schei, na jina lake mpaka leo wazee wa mashamba ya Norwei wanalitaja kama sisi tunavyotaja kimbunga. Kuanzia 1958 mpaka 1967 halmashauri zikaunganishwa, zikashuka kutoka 744 hadi 454. Nyingine ziliridhia. Nyingine ziliozeshwa kwa nguvu.

Zamu ya Grip ilikuwa tarehe 1 Januari 1964. Watu 104 wakaingizwa katika Kristiansund, mji wa watu elfu 17 na ushei.

Hebu itazame tarehe hiyo, mwanangu. Sisi tulikuwa na uhuru wa wiki tatu tu, tangu tarehe 10 Disemba. Siku kumi na moja baada ya Grip kufungiwa daftari, yakawa Mapinduzi. Mimi nilikuwa mtoto wa skuli, nakumbuka wazee wamezunguka redio ya jirani na sisi watoto tumefukuzwa kibarazani. Nchi yote ilipinduka mwezi ule. Kule kaskazini, mwezi huohuo, kisiwa kimoja kilivuliwa halmashauri kimyakimya, kwa muhuri, na asubuhi watu wakaenda kuvua kama jana.

Miaka kumi baadaye hawakuwepo. Hapa ndipo mimi na mwenzangu tulipobishana, mpaka boti ya kurudi ikapiga honi. Yeye alisema ni kuunganishwa ndiko kulikowahamisha. Mimi nasema ni mashine. Boti za injini zilipokuwa kubwa, zilitaka bandari ya kina na ya kujificha na mawimbi, na mwenye boti kama hiyo anaweza kulala Kristiansund, akafika kwenye maji yaleyale ya babu yake kwa muda mfupi, jioni akarudi kwenye bomba la maji na skuli ya watoto wake wakubwa. Mke gani angeendelea kukinga mvua? Hata kama baraza lingebaki, lingebaki kukadiriana kodi wazee watupu.

Lakini kuna neno lake moja ambalo sikuweza kulijibu, na bado sijaliweza. Alisema kabla ya 1964 mtu wa Grip akiwa na shida ya gati alikwenda kulalamika nyumba ya tatu. Baada ya hapo ilimbidi avuke kilomita 14 za bahari mbaya, akasubiri kwenye benchi la watu asiowajua. Mtu akivuka mara tatu, mara ya nne anavuka na vyombo vyake vya nyumbani.

Sasa Kojani. Wenzangu wengine wangekucheka. Mimi sikucheki, maana udogo haukuwa kosa la Grip. Huko Norwei kipo kisiwa kingine, Utsira, chenye watu kiasi cha mia mbili, na halmashauri yake ipo hadi leo. Sheria yao haimsamehei mdogo. Utsira ina wajibu uleule wa skuli ya msingi, matunzo ya wazee na maji safi kama Bergen yenye watu karibu laki tatu. Tofauti ni fedha. Halmashauri hupata sehemu ya kodi ya mapato ya watu wake, na serikali kuu inaongeza ruzuku, na halmashauri ndogo ndogo zina nyongeza yao maalumu. Bila fungu hilo Utsira ingeifuata Grip zamani. Kwa hiyo ukidai halmashauri, dai na fungu lake, la sivyo umedai mhuri na kiti. Na ningekuwa mimi mkazi wa Kojani, kabla ya yote hayo ningedai jambo dogo zaidi: kwamba kikao cha madiwani, walau kimoja kwa mwaka, kifanyike upande wenu wa maji, wavuke wao.

*Maalim, mimi ni mkunga mstaafu, nimezalisha nusu ya mji huu. Mjukuu wangu ananiambia kuwa huko unakokusema mkunga aliwahi kutawala kisiwa. Nimemwambia aache uongo. Nani mkweli? Bi. S., Mkoani.*

Bi mkubwa, shikamoo. Mjukuu wako ndiye mkweli, umwombe radhi na umpe kitu kidogo.

Ni hapohapo Utsira nilipopataja. Kisiwa kile kilijitenga na halmashauri mama, Torvastad, mwaka 1924. Mwaka uliofuata ukafanyika uchaguzi wa baraza lenye viti 12, na wanawake wakachukua 11. Mwanamume akabaki mmoja. Mara nyingi namfikiria yule bwana siku ya kikao cha kwanza, kaingia, kavua kofia, kakaa wapi? Baraza likamchagua Aasa Helgesen, mkunga wa kisiwa, awe ordfører kuanzia 1926. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho Norwei yote, miji mikubwa ikiwemo. Alikaa nacho mpaka 1928.

Wanawake wenye kipato kule walianza kupiga kura za mabaraza 1901, wote 1910, na za bunge 1913. Sisi uchaguzi wa 1957 ulikuwa wa wanaume peke yao, na mama zetu walipanga foleni mara ya kwanza 1961. Mama yangu alivaa buibui jipya siku ile na hakutuambia kamwe alimpigia nani.

Kwa nini mkunga? Wewe unajua kuliko mimi. Katika kisiwa cha watu mia mbili, mkunga ameingia kila nyumba, usiku, bila kubisha hodi mara mbili. Anajua nyumba ipi hakuna unga. Diwani wa kawaida hulijua hilo kwa kuambiwa.

*Assalaam alaykum Maalim. Naomba unisaidie kwa ajili ya mtihani. Huyo ordfører ni sawa na sheha au ni sawa na mkuu wa wilaya? Na je, halmashauri zilizoozeshwa zinaweza kuachana? Mwanafunzi, Machomane, Chake Chake.*

Wa alaykum salaam. Hayupo sawa na yeyote kati ya hao wawili, na ukiandika hivyo kwenye mtihani utakosa alama. Sheha wetu anateuliwa na Mkuu wa Mkoa. Mkuu wa Wilaya anateuliwa na Rais. Wote wawili ni mkono wa serikali kuu ulioshuka mpaka mtaani. Ordfører anatoka chini: wananchi wanachagua baraza kila baada ya miaka minne, kura zinagawiwa vyama kwa uwiano, kisha wajumbe wanamchagua mmoja wao. Wanachagua vilevile kamati ndogo, isiyopungua watu watano, ya kushughulikia bajeti na mambo mazito, na vyama vinagawana viti humo pia, kwa hiyo mpinzani yumo chumbani siku zote, anakunywa kahawa ileile. Ofisi inaendeshwa na mkurugenzi wa kuajiriwa. Ukitaka wa kumfananisha naye kwetu, mtafute meya au mwenyekiti wa baraza la madiwani, halafu umwongezee skuli zote za msingi na wazee wote wa wilaya. Serikali kuu nayo ina mwakilishi wake kwenye kila mkoa, anaangalia kama maamuzi ya baraza yamefuata sheria.

Kuhusu talaka, inawezekana, bunge likiridhia. Mwaka 2020 walikamilisha duru nyingine ya kuunganisha, zikatoka 428 zikabaki 356. Haram, katika mkoa uleule wa Kristiansund, iliingizwa Ålesund kwenye duru hiyo. Watu wake hawakuridhika, wakadai, na tarehe 1 Januari 2024 ikarudi kuwa halmashauri peke yake. Ndiyo maana hesabu leo ni 357. Grip haikupata bahati hiyo. Mwenye kudai talaka lazima awepo nyumbani.

*Maalim, hao Wanorwei ndio wale wa waya wa umeme au ni wengine? Fundi wa redio, Wesha.*

Ndio haohao. Waya unaopita chini ya bahari kutoka upande wa Tanga kuja Pemba ulilazwa 2010, fedha nyingi zikiwa za Norwei, na waya wenyewe ulifumwa kwao. Wewe wa Wesha huna haja ya kuulizia, masikio yako ni shahidi: majenereta ya dizeli yalikuwa hapo kwako. Nchi yenye visiwa vingi kama ile imejifunza kuvusha umeme baharini kabla ya kujifunza kuvusha mambo mengine.

*Maalim wangu, umesema meli yako ilipakia samaki wakavu. Je, ni ng'onda? Na ladha yake? Muuza samaki, Soko la Wete.*

Swali la maana kuliko yote, na nimeliacha mwisho makusudi.

Wana aina mbili. Moja wanaianika bila chumvi kabisa, samaki anatundikwa kwenye vichanja vya mbao kwa miezi, upepo baridi unamkausha mpaka ukimgonga analia kama ubao. Hiyo sisi hatuiwezi, kwa joto letu ataoza siku ya pili. Ya pili ndiyo ng'onda kweli: wanampasua, wanamtia chumvi, kisha zamani walimtandaza juu ya majabali akauke kwa jua na upepo, wakimgeuza na kumfunika mvua ikija. Wanamwita klippfisk, yaani samaki wa majabalini. Kristiansund ilijengwa na samaki huyo, akisafirishwa Uhispania na Ureno, na Grip ilikuwa mojawapo ya shamba lake. Kwa hiyo halmashauri yote ile niliyoieleza hapo juu, mwalimu wake, mjane wake na kodi yake, ililipwa na ng'onda.

Ladha: nyama yake nyeupe, haina mafuta kama nguru, na haina ule ukali wa papa. Usiku ule tuliporudi kutoka Grip mpishi wa meli, Mgoa, alinipa kipande. Nilikiloweka mpaka asubuhi, nikabadilisha maji mara tatu, nikakichemsha, nikakichambua miba. Nazi hakuna Kristiansund, lakini nilikuwa na kopo moja la tui nililolinunua Rotterdam na kulificha chini ya kitanda. Nikatia kitunguu, ndimu na pilipili. Mwenzangu alikula sahani mbili, kisha akaniuliza kwa nini bibi yake hakuwahi kulijua jambo hili. Nikamwambia ni kwa sababu Grip hakuna mnazi. Akasema, hakuna mti, nilikwambia.